Ulaya Nyuma ya Mlima

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa mjini Moshi. Kijana mmoja mgeni, mkoba mkubwa mgongoni, alifungua kichupa cha mafuta ya kuzuia jua akajipaka shingoni palepale. Harufu ile tamu, kama nazi iliyochanganywa na sabuni, ikanirudisha Machame, kwenye ukingo wa barabara ya kupandia mlimani, nikiwa na miaka saba na miguu peku.

Hapo ndipo mimi na binamu yangu Nsia tulipokuwa tukisimama kuwatazama wageni wakienda kupanda. Wengi walikuwa vijana wadogo tu, wametoka kwao mbali bila mama wala baba, nasi tuliwaonea wivu mpaka tukasahau majani ya ng'ombe tuliyotumwa. Jambo moja lilitushangaza: walipanda, hawakushuka. Mjomba Anaeli, aliyekuwa mpagazi, alirudi nyumbani kila baada ya wiki. Wao hatukuwaona tena. Hakuna aliyefikiria kutuambia kwamba huteremkia njia nyingine, ya Mweka, na kutoka huko hupelekwa hotelini mjini. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zetu zilituambia kwamba wamekwenda kwao. Ulaya ilikuwa nyuma ya mlima, na kazi ya Mjomba ilikuwa kuwasindikiza.

Mama yangu alikuwa Ujerumani akisomea uuguzi. Alikuwa ameniacha kwa Bibi, mama yake mzazi, mwaka mzima sasa. Alitutumia picha, amesimama kwenye theluji, anacheka. Theluji mimi niliijua sehemu moja tu duniani, kileleni mwa mlima wetu, nayo niliiona kila asubuhi juu ya migomba. Nilikuwa nikimkumbuka Mama kila siku, kumbe yuko hapo tu!

Basi Jumamosi moja tukafunga ndizi mbivu na viazi vya kuchemsha kwenye kitambaa, tukapita njia ya wakata majani ili walinzi wa getini wasituone. Msituni kulinuka udongo mbichi, na maji yalidondoka kutoka majanini ingawa mvua haikunyesha. Tulipofika kwenye miti iliyoota ndevu za kuvu, ukungu ukashuka ukaifunika njia. Nsia akaanza kulia. Mimi sikulia, nilikuwa nikiwaza Mama atatupikia nini.

Mjomba alitukuta hapohapo. Akina mama waliokuwa wakikata majani walikuwa wametuona na kupeleka habari nyumbani. Tulimwamkia shikamoo kwa sauti ndogo kuliko zote tulizokuwa nazo.

"Marahaba. Safari ya wapi?"

"Ulaya, Mjomba. Kwa Mama."

Hakucheka. Alitutazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Masweta yenu yako wapi?"

Hatukuwa nayo.

"Huko juu hapandi mtu bila sweta. Turudini kwanza."

Akanibeba mgongoni, Nsia akimshika mkono. Karibu na nyumbani akachuma jani la isale, ambalo kwetu Uchagani mkosaji akija nalo hanyimwi msamaha, akanipa nimpelekee Bibi.

Bibi alilipokea kwa mikono miwili. Fimbo niliyokuwa nikiiogopa njia nzima haikutoka. Aliniketisha kwenye kigoda, akaanza kuniosha miguu kwa maji ya uvuguvugu.

"Mlifika wapi?"

"Kwenye miti yenye ndevu."

"Na mbele kulikuwa na nini?"

"Ukungu tu."

"Hamkusikia hata sauti ya mtu?"

"Hapana, Bibi."

Akabaki ameshika kisigino changu mpaka maji yakapoa. Mimi niliona ananihoji kama polisi, nikashukuru maswali yalipokwisha.

Mwaka jana binti yangu alikwenda kusoma Uturuki. Tunaonana kwenye simu karibu kila jioni, lakini nikikutana na mtu aliyetoka huko namganda kwa maswali ya kijinga: kuna baridi kiasi gani, watu wanasalimiana njiani? Hapo ndipo nilipomwelewa Bibi, na nikaona aibu. Alijua vizuri kwamba Ulaya haiko nyuma ya mlima, akauliza hivyohivyo. Mimi nilikuwa nimemkosa mama. Yeye alikuwa amemkosa mtoto, na hakuna mtu pale nyumbani aliyewahi kumpa pole. Kama magoti yake yangekuwa mazima, nadhani siku ile tungepanda watatu.