Firigisi ya Baba

Juzi hotelini Mpanda nilimwona baba mmoja akimwekea mwanawe firigisi, nikashindwa kumaliza chakula changu.

Nilikumbuka siku moja ya utotoni: baba yangu alitutoa mimi na dada hospitalini alikolazwa mama, akatuingiza hoteli iliyonukia pilau ya kuku mpaka kule mbali Majimoto. Kwetu firigisi ni ya baba. Mtoto akiigusa, ukoo mzima unaitishwa kikao. Lakini akaiweka kwenye sahani yangu.

"Kula, mwanangu."

Nikajiona mzee wa ukoo.

Dada akauliza, "Baba, mama tumpelekee paja?"

"Nyie kuleni kwanza," akasema, akitazama barabarani.

Nikatafuna taratibu, nikimringia dada. Leo najua mama alikuwa ameshafariki, na baba alitaka tushibe kabla ya kutuambia.