Amina Iliyonigandisha kwa Profesa

Wacha niwaambie mwenyewe, kwa sababu nusu ya mliyosikia mjini ni uongo: ni kweli niligandana na profesa mgeni, mkono kwa mkono, mbele ya idara nzima ya kemia, na hadi leo nikikumbuka nikiwa peke yangu jikoni nafunika uso.

Mimi nafanya utafiti wa vipira vya kaboni, vidogo kuliko jicho linavyoweza kuona, vyenye atomi ya metali iliyofungiwa ndani. (Mama yangu pale mtaani Nyalenda bado anawaambia majirani natengeneza masizi.) Nilitaka kuvichanganya na gundi fulani ili nipate utando mweusi mgumu, lakini gundi ikakataa kuganda. Mwaka mzima! Sasa Profesa Muthoni akatumwa kutoka Nairobi kuamua kama kazi yangu iendelee au ifungwe, na mimi, yawa, sina hata kipande cha kumwonyesha.

Asubuhi hiyo nikajaribu mara ya mwisho, glavu ikapasuka, tone la gundi likaniingia kiganjani, na nikielekea kunawa, mgeni huyo mlangoni, idara nzima nyuma yake. Mzee Odhiambo, mkuu wa maabara, hafungui hata dirisha bila maombi. "Tushikane mikono," akasema. Nikajiambia, ah, gundi yenyewe haijawahi kuganda tangu izaliwe, nitanawa baada ya amina. Nikavua glavu, nikaushika mkono wa Profesa.

Mzee akaombea safari ya mgeni, akaombea ziwa letu na magugu yake, akaombea wakulima wa miwa Muhoroni mmoja mmoja (karibu), na mimi nasikia kiganja kinapata moto, nikadhani ni Roho Mtakatifu. Amina! Watu wote wakaachana, sisi wawili hatukuachana.

"Binti, unaweza kuniachilia sasa," Profesa akasema kwa upole.

"Siwezi, Prof."

"Unaogopa nini?"

"Siogopi. Tumegandana."

Aki, walivyocheka! Asetoni ya kututenganisha iko stoo, na mwenye ufunguo ameenda kula samaki ufuoni. Mzee Odhiambo akapendekeza tuombe tena (nilimwangalia vibaya, Mungu anisamehe). Nikaanza kulia, machozi kabisa, kwa sababu niliona masomo yangu yameishia hapo.

Lakini Profesa alikuwa ameinama, anachungulia pembeni mwa viganja vyetu, palipotokeza utando mweusi unaong'aa. "Umetia nini humu?"

"Jasho tu, Prof."

Ndipo nikaelewa, mjinga mimi. Nilijua unyevu kidogo huiamsha gundi hiyo, ila kwa kuogopa kuharibu vipira vyangu nilikuwa nakausha kila kitu, mpaka hewa.

Profesa akavuta benchi kwa mguu, tukaketi kama maharusi. "Mzee, lete ile fomu ya uamuzi," akasema. "Mkono wangu wa kulia uko huru." Akaandika: kazi iendelee. Akatia sahihi, mimi bado nimemng'ang'ania, nalia na kucheka pamoja.

Tangu siku hiyo nanawa kwanza, na Mungu atasubiri.