Kulungu wa Jumba la Mawindo

Jumba lile sikulipenda hata siku moja. Lilikuwa nje ya Kanga, kijiji chetu kisiwani, katikati ya msitu uliozungushiwa ukuta wa mawe, na lilijengwa na jamaa mmoja wa Seyyid wa Unguja ili aje kuwinda mara moja kwa mwaka. Kulungu wenyewe waliletwa kutoka bara chomboni, miguu imefungwa, wakaachiwa humo ndani. Eti huko ndiko kuwinda. Hata kuku wa tenga ana bahati kuliko wao.

Baba yangu alikuwa mchinjaji wa bwana huyo. Bunduki ikilia, yeye ndiye wa kukimbia na kisu, amuwahi mnyama angali hai, apige bismillahi na kumkata. Akimkuta amekwisha kufa, huyo ni mzoga, haliwi. Siku moja palikuwa na wageni wakubwa. Baba alikimbia, akachinja, nyama ikapikwa, na iliyosalia ikaletwa kijijini tukala. Baadaye wasakaji wakaanza kunong'ona kwamba kulungu yule hakutoa damu. Tangu hapo hakuna mtu Kanga aliyekula cha kuchinjwa na baba, hata kuku. Yeye hakukana wala hakukiri. Mimi nilishika kwamba wamemsingizia, na niliwachukia miaka yote ile, nao walijua.

Binti yangu alipoposwa, nikasema mbuzi wa karamu atachinjwa na babu yake. Ndugu zangu wakanijibu kwamba basi nyama tutaila wenyewe. Wakati huo Wadachi walikwisha kukitwaa kisiwa chetu, na mwenye jumba alikuwa harudi tena, lakini msimamizi wake alibaki. Siku ile yeye ndiye aliyeshika miguu ya kulungu. Nikaenda kumtafuta, nimsimamishe msikitini baada ya sala ya Ijumaa aseme alichokiona.

"Shikamoo," nikamwambia mlangoni.

"Marahaba. Vua viatu."

Sakafu yenyewe imejaa mavi ya popo. Akanipitisha chumba kwa chumba, akinionyesha kitanda cha bwana, kiti cha bwana, birika la bwana, na pembe zilizopangwa ukutani, kila moja na hadithi yake. Debe tupu haliachi kuvuma. Nilimvumilia mpaka kwenye pembe, nikashindwa.

"Sikuja kutazama pembe. Kulungu yule wa baba, alikuwa hai au hakuwa hai?"

"Baba yako ndiye aliyekutuma?"

"Hajui kama nimekuja."

"Nilidhani hivyo." Akakaa kwenye kiti cha bwana wake, bila kunikaribisha. "Miguu niliishika mimi. Haikutikisika hata kidogo. Baba yako akanitazama, na bwana amesimama nyuma yetu na wageni wake. Akapiga bismillahi, akakata. Nami nikanyamaza, kwa kuwa niliogopa kama yeye. Ukitaka nije msikitini, nitakuja. Lakini nitasema hayo."

Nilimtukana tusi ambalo siliandiki hapa, nikatoka bila kuaga. Njia nzima nilimlaani yeye, na bwana wake, na fundi aliyelijenga jumba. Nilipoona nyumba yetu nilikuwa nimekwisha kuamua la kusema.

Baba alikuwa barazani anasokota kamba ya makumbi.

"Nimetoka jumbani," nikamwambia. "Msimamizi amekiri. Anasema kulungu alikuwa hai, alikuwa akimpiga mateke mikononi. Wallahi ndivyo alivyosema. Sasa mbuzi utamchinja wewe."

Baba akaiweka kamba chini.

"Alikuwa amekufa," akasema. "Mbuzi wa mjukuu wangu mtafutie mtu mwingine. Na hiyo wallahi yako, mwanangu, itubie leo hii, usikae nayo kama nilivyokaa mimi."