Mrututu wa Baba

Mwalimu wetu wa kemia aliposema maabara imeishiwa mrututu, ile chumvi ya buluu yenye shaba, mkono wangu ulinyooka kabla akili haijaniuliza. Kwetu mlimani upo, nikasema, baba ameununua juzi tu.

Nilikuwa kidato cha pili mjini Moshi, na kimbelembele nilikuwa nacho cha kugawa. Lakini hata baba alijivunia ile dawa. Siku hizo chama cha ushirika kilikuwa kimeacha kutukopesha pembejeo, kila mtu anajinunulia madukani, naye alimuuza beberu wake ili aokoe kahawa na chulebuni, ugonjwa unaoiozesha ingali mbichi. Upande wetu mkulima alijulikana kwa shati lake. Likiwa na madoa ya buluu, basi kihamba chake, shamba la nyumbani, kinatunzwa. La baba lilikuwa buluu mpaka kwenye kola, na alilivaa hata kwenda kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi. Dukani alionyeshwa mrututu wa aina mbili, akachagua uliokolea. Nani angechukua uliofifia?

Jumatatu nikaupeleka shuleni kidogo kwenye mfuko wa nailoni. Mwalimu akauyeyusha, akatumbukiza msumari uliosuguliwa kwa msasa. Chuma, alitueleza, huisukuma shaba itoke majini, nayo shaba hujishika msumarini, ukageuka mwekundu. Tukasubiri. Msumari ukatoka unang'aa vilevile. Akajaribu mwingine.

"Hii ni rangi tu ya kutilia vitambaa," alisema, bila ubaya wowote.

Darasa likaangua kicheko. Mmoja wa nyuma akauliza kama kwetu kahawa inapakwa rangi ili ipendeze. Masikio yaliniwaka kwa aibu, nikatamani ardhi ipasuke. Na bado hiyo ilikuwa aibu ndogo, maana kubwa ilikuwa nyumbani. Nitamwambiaje baba, mtu aliyekwisha kuwaelekeza majirani duka lenyewe?

Jumamosi nilimkuta kihambani ameinamia ndoo ya plastiki, ameshakoroga dawa, bado hajatia chokaa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Enhe, mwalimu ameionaje dawa yetu?"

Nikatoa msumari mfukoni, nikamweleza unavyotakiwa kugeuka. Hakubisha. Aliufunga kwa kamba ya mgomba, akauzamisha mwenyewe, akachuchumaa. Mimi nilikuwa namwomba Mungu mwalimu awe amekosea. Alipoutoa aliufuta kwenye lile shati, akautazama juani, akaufuta tena.

"Labda haujakaa vya kutosha," nikasema.

"Umekaa."

Mara jirani yetu akapaza sauti ng'ambo ya uzio wa masale. "Mzee, naona leo kazi imeanza! Na mimi nimefika kwenye duka lako, nimechukua ileile."

Baba aliuficha msumari kiganjani.

"Umefanya vizuri," akajibu.

Kisha akatia chokaa, akajaza pampu, akaivaa mgongoni. "Shika ndoo," aliniambia kwa sauti ya chini, bila kunitazama. Tukainyunyizia kahawa rangi ya vitambaa, mti kwa mti, juu ya majani na chini yake, mpaka mwisho wa kihamba, kwa sababu jirani alikuwa amesimama anatuangalia.