Mbegu ya Uyoga Ilivyopatikana Mlali

Bernadeta wa Mlali hakuwa mtu wa kubebwa. Huko mlimani alikozaliwa ardhi hufuata upande wa mama, naye alikua akijua kwamba mwanamke ana mahali pake pa kusimama. Basi miaka ile ya vijiji vya ujamaa, Leonard, mtafiti kijana wa chuo cha kilimo cha mjini, alipokuja kusema kwamba uyoga unaweza kupandwa, wanawake wenzake walicheka. Bernadeta akauliza unapandwaje.

"Uyoga ni wa Mungu," alisema Asia, jirani na shoga yake. "Mvua ikinyesha unaota. Leo tumshikie Mungu jembe?"

"Na mchicha je, si wa Mungu? Mbona unaupanda?"

Leonard alikuwa amegundua kwamba makapi ya maharage, yale tuliyozoea kuyachoma moto, yakichemshwa na kutiwa mbegu yanatoa uyoga mweupe, mnene. Mbegu yenyewe aliileta kwenye chupa: punje za mtama zilizovikwa utando mweupe kama pamba. Halmashauri ya kijiji ikawapa wanawake pembe moja ya ghala, uyoga ukatoka. Asia akaupeleka sokoni Morogoro mjini, ukagombaniwa hata kabla hajautandaza.

Wanawake walikuwa wameanza kujiona watu wa biashara, ndipo Leonard akaja na uso mzito.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umefiwa?"

"Hapana mama. Utafiti wangu unaisha mahindi yakivunwa, nami napelekwa masomoni ng'ambo. Chuo si duka. Hakitaendelea kuwatolea mbegu."

Asia akashika kichwa. "Basi yameisha. Turudi kuuza kuni."

"Yameisha yapi?" Bernadeta alisema. "Huyu bado yupo, na mahindi bado yako shambani. Mwanangu, tufundishe kuitengeneza hiyo mbegu wenyewe."

Leonard akawafundisha. Mtama uchemshwe, utiwe chupani, chupa zipangwe ndani ya pipa na kupikwa kwa mvuke tangu asubuhi hadi alasiri, mpaka kila kijidudu kife. Zikipoa, kipande cha utando mweupe kihamishwe kutoka chupa yenye mbegu kwenda chupa mpya, karibu na moto wa taa, watu wamejifunga vitambaa midomoni na kunyamaza, pumzi isije ikaingiza vijidudu.

"Kunyamaza?" Asia akaguna. "Hapo umetuweza."

Sasa, Bernadeta alikuwa fundi wa kimea. Togwa yake ilisifiwa mpaka misheni. Na kwa mtu wa kimea, punje njema ni ile iliyolowekwa, ikafunikwa, ikachipua. Alipoutazama mtama uliochemshwa, roho ilikataa kabisa. Punje iliyopikwa imekufa; maiti itazaa nini? Leonard alipopanda basi kurudi mjini, Bernadeta aliloweka mtama mwingine, akaufunika kwa majani ya mgomba, na ulipochipua ndipo akaujaza chupani. Mvuke nao akaupunguza, machipukizi yasije yakaungua. Alijiona amemsaidia kijana wa watu.

Siku si nyingi, chupa zikaingia ukungu wa kijani, nyingine mweusi, na ghala lote likanuka uchachu. Hatibu, mwenyekiti wa kijiji, akasimama mlangoni akicheka.

"Ndugu Bernadeta, huu uyoga au pombe? Kama pombe, niletee kata nionje. Mahindi yakianza kuingia, uchafu huu utoke."

Leonard aliporudi, alinusa chupa moja tu. "Mama, mtama huu ulichipua?"

"Ulichipua. Niliuchipusha mimi."

"Mama yangu, punje haioti hapa. Punje ni chakula. Anayeota ni yule mweupe, ule utando, na ukimwandalia chakula kibichi, kila mpita njia ataingia kula kabla yake."

Bernadeta akaanza kuzisogeza zile chupa mlangoni. "Kumbe nimepika karamu, nikaacha mlango wazi," alisema. "Haya, mwageni. Asia, lete pipa."

"Mahindi yamekwisha kukauka, shoga."

"Nimeyaona. Nimesema lete pipa."

Mbegu safi aliyoileta Leonard ilikuwa imebaki chupa moja tu; nayo ikiharibika, hakuna nyingine. Bernadeta akachemsha mtama na hakuuongezea akili yake. Akakaa kwenye moto wa pipa, akimkataza kila aliyetaka kuchomoa kuni. Wakati wa kuhamisha utando, Asia alijifunga khanga usoni yakabaki macho, akanyamaza mpaka jasho likamtoka. Leonard alikaa nje kwa makusudi. "Nikiingia," alisema, "itakuwa mbegu yangu."

Siku za kungoja Bernadeta hakwenda ngomani wala hakukubali chupa kufunguliwa. Kwanza vikaonekana vinyuzi. Vikasambaa, vikashuka, na hatimaye chupa zote zikawa nyeupe, isipokuwa mbili, ambazo alizitupa mwenyewe kabla hajaambiwa.

Hatibu alifika na watu wa magunia. "Ndugu, siku imefika."

"Ingiza mahindi yako, mwenyekiti. Chupa zinahamia jikoni kwangu. Pipa na kuni havihitaji ghala."

Hatibu akainamia chupa moja, akaigeuza. Alimtazama Leonard.

"Hii ni kazi yako?"

"Mimi nilikuwa nje nikila miwa," Leonard akajibu.

Mwenyekiti akakohoa. "Sasa, Bernadeta, mke wangu naye angependa… Nipatie moja nimpelekee. Na ndugu zangu wa Kihonda wameshauliza."

"Wa Kihonda waje, tutawauzia. Mkeo aje mwenyewe kesho asubuhi, anawe mikono, akae na sisi kwenye moto. Nataka ajue kutengeneza."

Akajitwisha chupa za kwanza, akashika njia ya nyumbani, na Asia nyuma yake akiwapigia kelele watu wa magunia wapishe.