Kadi ya Matundu Arobaini

Katika ofisi ya kuajiri askari polisi palikuwa na karani mmoja ambaye hata Mkuu wa ofisi alimwogopa kidogo. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho, lakini kitambulisho chenyewe hakuna aliyekisoma. Wote walimwita Bi Matundu. Sababu ilikuwa kadi. Kadi ya karatasi ngumu yenye matundu arobaini, aliyoitoboa mwenyewe kwa msumari. Mtihani wa akili ulikuwa na maswali arobaini ya kujibiwa kwa dakika kumi na mbili. Waombaji wakimaliza, Bi Matundu huilaza kadi juu ya karatasi ya majibu, akahesabu alama za kalamu zinazochungulia kwenye matundu, akaandika jumla, basi. Karatasi mia kabla ya chai ya saa nne. Na usimletee habari za mashine, mtakosana.

Karatasi zilikuja na namba tu, bila majina, na yeye alijivunia hilo kuliko kitu chochote. "Mimi simjui mtu hapa," alipenda kusema. "Najua namba. Hata angekuja baba yangu, ni namba."

Kila asubuhi alisalimiana na mlinzi wa getini, mtu mzima aliyeitwa Kamusi. Waombaji walimwita hivyo kwa sababu hakukuwa na fomu iliyomshinda. Mtu anakuja na fomu yake imekaa ovyo, Kamusi anaipitia amesimama, anamwonyesha alipokosea, kisha anarudi kwenye gazeti lake kujaza mraba wa maneno. Alikuwa na miaka kumi na mmoja kwenye geti hilo hilo, na siku alizochelewa hazikuwepo.

"Bi Matundu, leo unawaangusha wangapi?"

"Wanajiangusha wenyewe, mimi nahesabu tu."

Haya, sasa kanuni. Aliyepata chini ya kumi na nane alikuwa nje, na hilo linaeleweka. Lakini aliyepata zaidi ya thelathini naye nje! Ndiyo, umesikia vizuri. Kanuni hiyo ilikuwa na miaka kumi na miwili, na mama yake mzazi alikuwa Bi Matundu. Siku hizo Mkuu alikuwa analalamika: "Tunawafundisha miezi tisa, tunawavisha viatu, halafu wanaacha kazi! Nitafutie sababu." Bi Matundu akafungua kabati lake la mafaili ya walioacha kazi. Mafaili ishirini na mawili. Kumi na nane kati yake yalikuwa na alama zaidi ya thelathini. Akachukua kalamu nyekundu, akapiga mstari. Mwenye akili nyingi, akaeleza, atachoka kusimama barabarani, ataondoka. Mkuu alifurahi, akaisimulia habari hiyo kwenye kila kikao mpaka watu wakaijua kwa moyo.

Waliokataliwa walipata barua moja, wa juu na wa chini sawasawa: "Hukukidhi viwango vyetu." Barua haikusema ni juu wala chini.

Basi, mwaka huu binti yake aliomba kazi. Kumzaa hakumzaa, alikuwa mtoto wa dada yake, marehemu, naye alimlea tangu darasa la tatu. Binti alitaka upolisi tu. Ukimwambia uuguzi, anakuangalia kama umemtukana. Mara ya kwanza alivunjika kifundo cha mguu wiki moja kabla ya mbio za mchujo. Mara ya pili alipata homa ya kulazwa. Sasa alikuwa na miaka ishirini na mitano, na mwisho wa kuajiriwa ulikuwa ishirini na mitano. Mwaka ujao mlango umefungwa, hana pa kubisha.

Alhamisi moja Bi Matundu aliilaza kadi juu ya karatasi namba mia moja arobaini na saba. Akahesabu. Thelathini na sita. Akanyoosha mkono kuchukua muhuri wa kukataa, na jicho likaangukia pembeni, kwenye nafasi ya kukokotolea. Kulikuwa na saba mbili, kila moja imekatwa kwa kistari katikati, na mkia wake umepinda kushoto. Saba hiyo aliifundisha yeye, kwenye meza ya jikoni, kwa kijiti cha penseli.

Mungu wangu! Karatasi ya binti yake.

Angeweza kuandika ishirini na sita. Tarakimu moja tu, nani angejua? Alikaa na wazo hilo kwa muda, nisimsingizie utakatifu. Kisha akaona aibu ikimpanda mpaka masikioni, akaandika thelathini na sita, akaisukuma karatasi chini ya rundo bila kuipiga muhuri. Chai ya saa nne ilimkuta hajagusa hata karatasi iliyofuata.

Jioni binti alikuwa jikoni anamenya vitunguu, anaimba.

"Mama mdogo, sijisifu, lakini ule mtihani nimeutandika!"

"Umeutandika," Bi Matundu akasema. Kitunguu kilimsaidia kuficha macho. Baadaye akauliza, kama mtu anayepiga soga tu: "Hivi wewe, ungekuwa na akili nyingi, usingeichoka kazi ya askari? Maana wenye alama nyingi ndio wanaoacha. Nimeona kwa macho yangu, kumi na nane kati ya ishirini na wawili."

"Na ambao hawakuacha walipata ngapi?"

"Nini?"

"Si umewahesabu walioacha? Waliobaki je?"

Waliobaki! Mafaili ya waliobaki hayakukaa kwenye kabati lake. Yalikuwa ghala la chini, na yeye ghala la chini hakupenda kwenda, kwa ajili ya vumbi na kifua chake. Kwa miaka kumi na miwili hakushuka ngazi kumi na nne.

Asubuhi alizishuka, amejifunga khanga puani. Alikaa huko mpaka adhuhuri. Akakuta jambo ambalo mtoto wa shule angelikuta: kabla ya mstari mwekundu, ofisi ilichukua watu kuanzia alama za juu ikishuka chini. Kwa hiyo karibu kila askari wa miaka ile alikuwa na zaidi ya thelathini, aliyeondoka na aliyebaki. Walioondoka kumi na nane. Waliobaki mia moja na tisa. Na faili mojawapo lilikuwa nene, limechakaa, la mtu mwenye miaka thelathini kazini. Alama thelathini na tano.

Alipanda ngazi na vumbi lake vile vile, akaingia kwa Mkuu bila kubisha.

"Mkuu, nimekosea. Nimekosea miaka kumi na miwili." Akamweleza, akamwekea faili lile nene mezani.

Mkuu akalifungua. Akaliangalia jina lake mwenyewe. "Yaani kwa kanuni hii, mimi..."

"Ungekuwa nje, Mkuu."

Mkuu alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaacha kucheka ghafla. Kanuni akaifuta hapo hapo, kwa kalamu nyekundu ile ile.

"Kuna jingine," Bi Matundu akasema. "Namba mia moja arobaini na saba ni mwanangu. Asahihishe mtu mwingine."

Kadi akapewa katibu muhtasi, akahesabu kwa kidole, mara mbili. Thelathini na sita. Binti akapita kwa haki yake, na habari zilipofika nyumbani alimkumbatia mama yake mdogo mpaka miwani ikapinda.

Hapo ungedhani mambo yamekwisha. Lakini Mkuu aliagiza watafutwe wote waliokataliwa kwa mstari ule, ili ambao umri bado unawaruhusu waandikiwe. Bi Matundu akarudi ghalani, kwenye magunia ya karatasi zilizokataliwa, na safari hii alikuwa na daftari la usajili, namba mkono huu, majina mkono huu. Mia mbili na kumi na moja. Alikuwa anaandika haraka haraka, mpaka akafika kwenye thelathini na nane, alama ambayo hajapata kuiona tena. Akatafuta jina la namba hiyo. Akalisoma. Akakaa juu ya gunia.

Saa kumi jioni alitoka mpaka getini, karatasi ameikunja mkononi. Kamusi alikuwa na gazeti lake.

"Hukuniambia kwamba uliwahi kuomba hapa."

Kamusi akalikunja gazeti. "Mtu aliyefeli anatangaza? Niliomba, nikafeli. Miezi michache baadaye kampuni ya ulinzi ikanipanga geti hili hili. Nikasema haya, kumbe upolisi nilikuwa nauweza wa nje tu." Akacheka kidogo. "Mke wangu alikuwa ananitambia kwa ndugu zake kwamba nina akili. Baada ya ile barua akanyamaza."

"Hukufeli." Bi Matundu akamnyooshea karatasi. "Ulipata thelathini na nane kati ya arobaini. Mimi nilisema wa alama zako watachoka waondoke. Kanuni ilikuwa yangu, nayo ilikuwa ya uongo. Na nisingeigundua kama si mwanangu kuingia ndani yake. Nisamehe."

Kamusi alikuwa na miaka thelathini na sita. Hakukuwa na barua ya kumwandikia, na wote wawili walilijua hilo. Aliipokea karatasi, akaifungua taratibu, akaipitia amesimama, kama anavyopitia fomu za watu. Mwombaji mmoja alikuja na fomu yake, akamwashiria asubiri.

Alisoma mpaka chini, akarudi juu tena.

"Naweza kwenda nayo nyumbani leo? Nitairudisha asubuhi."

"Usiirudishe. Ni yako."

Akaikunja, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Kisha akakifungua tena, akaitoa.

"Bi Matundu," akasema, "hayo mawili niliyokosa ni yapi?"

Bi Matundu akatoa kadi kwenye mkoba. Wakaiweka karatasi juu ya ukuta wa geti, wakailaza kadi, wakaanza kutafuta pamoja, tundu kwa tundu, na mwombaji aliyekuwa akisubiri naye akasogea kutazama.