Kichala Alichokisahau

Mwigizaji wetu wa sinema huvuna zabibu zake pamoja nasi, kainama, vidole vimekolea zambarau, akijiimbia kwa sauti ya puani. Mwaka wake wa kwanza alisahau kichala mzabibuni. Kwetu, anayesahau kichala hupakwa zabibu usoni. Odile, msimamizi wetu, alikichuma, kisha akasita: uso ule ulijaa kwenye mabango ya Paris, na kesho yake kamera zilikuwa zikiungoja. Mwigizaji akavua kofia, akafumba macho.

"We Odile, unaogopa nini? Au mimi mgeni hapa?"

"Mgeni gani, kipofu wewe!"

Akampaka mpaka masikioni. Tulicheka hadi machozi. Namshukuru mwigizaji hadi leo kwa kuvua kofia ile. Kabla ya siku ile akija mezani tulisimama kwa heshima. Siku hizi tunasogea tu, apate pa kukaa.